Futiboli ya Ndani Si Futsal: Ukumbi Uliotunga Sheria na Miaka ya Mwanzo ya Timu ya Iowa

Tangu timu ya wanawake ya Tanzania ifike fainali ya futsal ya Afrika kule Morocco mwaka 2025 na kukata tiketi ya Kombe la Dunia nchini Ufilipino, maneno "mpira wa ndani" yamezoeleka vijiweni. Vurugu huanza ndugu aliyeko Marekani anapotuma picha akisema naye kaenda kuangalia mpira wa ndani, halafu pichani kuna majitu yaliyovaa kofia ngumu na mabega ya sponji, yanabamizana juu ya kapeti ndani ya ukumbi wa mpira wa kikapu. Mjomba aliyeko Kigoma anauliza goli liko wapi, na mbona mpira wameushika mkononi. Kuuliza ni haki yake. Des Moines, mji mkuu wa jimbo la Iowa, una familia nyingi za Wakongo na Warundi wanaozungumza Kiswahili, na mji huohuo ndio uliopata mwaka 1995 mojawapo ya timu mashuhuri za mchezo huu, Iowa Barnstormers. Kwa hiyo picha za namna hiyo haziishi kutumwa.

Tuanze na majina, maana nusu ya mkanganyiko iko hapo. Michezo mitatu tofauti inaitwa kwa jina moja.

Wa kwanza ni futsal. Ulibuniwa Montevideo, Uruguay, mwaka 1930 na mwalimu Juan Carlos Ceriani. Ni soka ya watu watano kila upande, kwenye sakafu ngumu ya takriban mita 40 kwa 20, na mpira mdogo usiodunda sana. Hauna ukuta: mpira ukivuka mstari umetoka.

Wa pili ni soka ya ndani ya Kimarekani. Hii inachezwa na watu sita kila upande kwenye uwanja wenye umbo la uwanja wa magongo ya barafu, umezungushiwa ukuta, na mpira ukigonga ukuta mchezo unaendelea. Ligi yake kubwa, MISL, ilicheza mechi ya kwanza tarehe 22 Desemba 1978 katika ukumbi wa Nassau Coliseum, jimbo la New York. Ushike vizuri ukumbi huo, tutaurudia.

Wa tatu ndio ule wa kofia ngumu. Ni mchezo ambao Wamarekani wanauita "football" lakini unachezwa zaidi kwa mikono, na hapa nitauita futiboli ili usichanganyike na soka. Futiboli ya kawaida huchezwa kwenye uwanja wa nje, watu 11 kwa 11. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani mita 9 na kidogo. Ikifaulu inapewa mengine manne, ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Mpira ukifikishwa eneo la mwisho ni tachidauni, alama 6. Anayepokea mpira mwanzo wa kila jaribio na kuamua aurushe, aukabidhi au akimbie nao mwenyewe anaitwa kwotabeki. Ukiyashika hayo unaweza kuufuata mchezo wote.

Basi futiboli ya ndani ni huo wa tatu ulioingizwa ukumbini. Wengi wanadhani umehamishwa tu kama fanicha, kwamba ni mchezo uleule chini ya paa. Sivyo. Zipo timu za ligi kuu ya NFL zinazocheza kwenye viwanja vikubwa vyenye paa, na huo bado ni mchezo wa nje, vipimo vyote vilevile. Huu mwingine umekatwa na kushonwa upya kama suruali ya baba inayorithiwa na mtoto, na karibu kila sheria yake ya ajabu ina sababu moja: ukumbi haukutosha.

Mwaka 1981 Jim Foster, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya biashara ya NFL, alikwenda Madison Square Garden kuangalia mechi ya nyota wa soka ya ndani, ile ya MISL. Akiwa kwenye kiti aliichukua bahasha ya kaki na kuchora juu yake uwanja mdogo wa futiboli. Alijiuliza swali la mfanyabiashara: kama soka imeweza kuingia ndani ya uwanja wa magongo, futiboli inashindwa nini? Majaribio hayakuja haraka. Mechi ya kwanza ya kujaribu ilichezwa Rockford, Illinois, mwaka 1986, nyingine ikafuata eneo la Chicago mapema 1987, na kiangazi cha mwaka huo ligi ikaanza na timu nne tu: Pittsburgh, Washington, Denver na Chicago. Ikaitwa Arena Football League, kwa kifupi AFL. Mechi ya ufunguzi, tarehe 19 Juni 1987, wenyeji Pittsburgh Gladiators waliifunga Washington Commandos 48 kwa 46, na matokeo hayo yalitosha kuonyesha mchezo ungekuwa wa namna gani.

Sasa vipimo, maana ndipo penye ufunguo. Uwanja wa magongo ya barafu Marekani una urefu wa futi 200 na upana wa futi 85. Uwanja wa Foster una yadi 50 za kuchezea, na kila upande eneo la mwisho la yadi 8. Jumla yadi 66, ambazo ni futi 198. Upana futi 85. Ukijumlisha utaona kwamba hakuna aliyekaa akatafakari urefu bora wa futiboli ya ndani ni upi. Walipima ukumbi, wakabakiza futi mbili, wakachora mistari.

Uwanja wa nje, ukihesabu na maeneo ya mwisho, una yadi 120 kwa yadi 53 na ushei, takriban mita za mraba 5,350. Wagawie watu 22, kila mmoja anapata kama mita za mraba 243. Ule wa ndani una mita za mraba kama 1,560. Ukiwaacha watu 22 mle ndani inakuwa daladala ya saa kumi na mbili jioni, hakuna anayesogea. Ndiyo maana walipunguzwa wakawa wanane kwa wanane, na hata hapo kila mtu anapata mita za mraba 98 hivi, pungufu ya nusu ya nafasi anayopata mwenzake wa nje.

Kwa kuwa ukingoni hapana nafasi ya mtu kukimbia akapunguza mwendo, mstari wa pembeni ukawa ukuta wenyewe: bodi za magongo zilizovikwa sponji nene, kimo cha futi nne, kama mita 1.2. Nyuma ya ukuta, hatua moja tu, amekaa mtazamaji na soda yake. Mchezaji akisukumwa hupinduka juu ya ukuta na kuangukia miguuni mwa watu, na mpira ukirukia jukwaani aliyeudaka huondoka nao nyumbani. Kuna wanaosema ukuta huo uliwekwa ili watu waumie na mchezo unoge. Sivyo: ukuta ulikuwepo kabla ya futiboli kufika, na bila sponji ile mifupa ingevunjika kila wiki.

Kapeti nalo lina habari yake. Ukumbi mmoja unaweza kuwa na tamasha Alhamisi, futiboli Jumamosi na maonyesho ya biashara Jumatatu, kwa hiyo nyasi bandia huja zimekunjwa katika mikanda mirefu, hutandazwa juu ya sakafu na kuunganishwa ukingo kwa ukingo. Kazi yote iko kwenye maungio. Ungio likiinuka hata kidogo, kidole cha kiatu kinanasa na goti linajipinda. Kapeti likilazwa moja kwa moja juu ya zege bila tabaka la sponji linaloshiba, kila anayeanguka anakutana na zege, na ngozi ya kiwiko inabaki sakafuni. Nyasi za miaka ile zilikuwa fupi na kavu kama brashi, ndiyo maana ukiona picha za zamani wachezaji wamejifunga mikono bandeji mpaka juu ya kiwiko.

Kitu kinachomshangaza mgeni kuliko vyote ni nyavu. Katika futiboli ya nje, nguzo mbili za goli zimeachana kwa futi 18 na nusu, na mwamba wa chini uko futi 10 kutoka ardhini. Mpigaji akiupitisha mpira kwa teke katikati ya nguzo juu ya mwamba anapata alama 3. Kwenye uwanja mfupi wa ndani teke hilo lingekuwa mteremko, kila timu ingefika katikati na kupiga tu. Foster akalibana goli: nguzo futi 9, yaani nusu, na mwamba futi 15 juu. Kisha kulia na kushoto mwa goli akatundika nyavu zilizokazwa, kila moja upana wa futi 30 na kimo cha futi 32, zikianzia futi 8 kutoka sakafuni.

Nyavu hizo si za kuwakinga watazamaji tu, kama wengi wanavyofikiri. Ni sehemu ya mchezo. Aliyekulia kwenye chandimu cha uchochoroni anaijua hii sheria bila kufundishwa: ukuta wa jirani si nje, mpira ukiugonga unaendelea nao, na mjanja hupiga pasi kwa ukuta makusudi. Kwotabeki akirusha mpira ukagonga wavu, mpira bado uko hai mpaka uguse sakafu, yeyote akiudaka kabla ni wake. Teke la goli likikosa likarudi kutoka wavuni, mpinzani anaweza kuuokota na kukimbia nao uwanja mzima.

Tazama jinsi mpokeaji anavyofanya kazi pale kwenye teke la kuanzisha. Mpigaji yuko kwenye mstari wake wa goli, upande wa pili kabisa. Mpira unakuja juu, unagonga wavu futi 20 kutoka sakafuni, na mpokeaji amesimama ndani ya eneo la mwisho akiwa amewapa mgongo watu wanane wanaomjia mbio. Macho yako wavuni. Mpira huu si duara, ni kama embe refu lililochongwa ncha mbili. Ukigonga kwa ubavu unarudi mbali na taratibu, ukigonga kwa ncha unadondoka wima kama nazi. Ana muda wa pumzi moja kusoma ni upi kati ya hiyo miwili. Akikosea, mpira unadunda sakafuni kuelekea kokote, na wale wanane wamekwisha fika. Mechi nyingi ziligeuka hapo, kwa mtu kusoma wavu vibaya.

Foster alilinda ubunifu wake. Mwaka 1990 alipata hataza ya serikali ya Marekani juu ya mfumo wa mchezo, nyavu zikiwemo, na ilidumu mpaka 2007. Ligi nyingine zilizoanzishwa miaka ya 1990 kucheza futiboli ukumbini zililazimika kucheza bila nyavu. Ndiyo asili ya mgawanyiko unaowachanganya hata Wamarekani wenyewe: "arena" ni ile ya nyavu, ya AFL, na "ya ndani" kwa maana finyu ni ile isiyo na nyavu. Kwa macho ya mtu wa jukwaani zinafanana, lakini kwa mpokeaji ni kazi mbili tofauti.

Sheria nyingine nitazipitia upesi. Katika mchezo wa nje, timu iliyokwama jaribio la nne hupiga mpira mbali kuwaachia wapinzani. Ndani jambo hilo ni marufuku: ama ujaribu kusogea, ama upige goli. Mpokeaji mmoja anaruhusiwa kuanza kukimbia mbele kabla mpira haujaanzishwa, kwa hiyo anafika kwenye mstari akiwa na kasi kamili wakati mlinzi wake ndiyo kwanza anageuka. Saa haisimami ovyo isipokuwa dakika ya mwisho ya kila nusu. Kuna na teke la kudondosha, ambapo mpigaji anauachia mpira uguse sakafu kwanza ndipo aupige: goli la namna hiyo ni alama 4 badala ya 3. Wengi hawakuthubutu.

Na wachezaji wengi walicheza pande zote mbili. Kwotabeki, mshambuliaji mmoja maalumu, walinzi wawili maalumu na mpigaji walisamehewa. Waliobaki, wakishamaliza kushambulia, hawakwenda kukaa benchi. Waligeuka kuwa walinzi. Sheria hiyo ilidumu hadi 2007. Lilikuwa jambo la heshima kwa mashabiki, lakini asili yake ni bajeti: kikosi cha watu kama ishirini ni nafuu kukisafirisha na kukilisha kuliko cha watu hamsini.

Ukiyaunganisha haya yote, unapata jibu la hoja inayorudiwa sana, kwamba mabao ya 60 kwa 50 maana yake walinzi hawajui kazi. Mlinzi wa mchezo huu ni mtu aliyetoka kushambulia sekunde thelathini zilizopita, anahema, anamkaba mkimbiaji aliyeanza mbio kabla yake, kwenye uwanja ambao mstari wa goli hauko mbali zaidi ya mita 46, na wapinzani hawaruhusiwi kuupiga mpira mbali hata wakikwama. Ukimwekea mtu masharti hayo, kumzuia mpinzani mara mbili au tatu kwa mechi nzima ndiko kulinda kwenyewe. Makocha wa mchezo huu hawakuhesabu alama walizofungwa. Walihesabu ni mara ngapi wapinzani walirudi benchi mikono mitupu.

Sasa Iowa. Foster aliiongoza ligi yake kama kamishna mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha akageuka kuwa mwenye timu. Mwaka 1995 aliileta Barnstormers Des Moines, ligi ikiwa imefikisha timu 13. Mji si mkubwa, jimbo halina timu hata moja ya NFL, na hapo ndipo hesabu yake ilipokuwa nzuri kuliko inavyoonekana: Mwiowa aliyeipenda futiboli hakuwa na pengine pa kuishangilia wakati wa kiangazi. Ukumbi ulikuwa Veterans Memorial Auditorium, jengo la 1955 lenye viti zaidi ya 11,000, ambalo wenyeji waliliita "Ghala". Jina la timu lilicheza na neno hilo. Barnstormers ni marubani wa miaka ya 1920 waliozunguka mashambani na ndege zao ndogo, wakitua kwenye shamba la mtu, wakifanya sarakasi angani na kuwauzia wanakijiji safari fupi. Kofia za wachezaji zilichorwa miwani ya rubani, na mpaka leo kuna wanaosema hakuna kofia iliyowahi kupendeza kuliko ile. Mimi sibishani nao.

Kocha alikuwa John Gregory, aliyekuwa ametwaa ubingwa wa Kanada akiwa na timu ya Saskatchewan mwaka 1989. Ujuzi huo ulikuwa na maana. Futiboli ya Kanada nayo inaruhusu wachezaji kusogea kabla mpira haujaanzishwa, na ni mchezo wa kurusha kuliko kusukumana, hivyo Gregory hakuwa mgeni kwenye mambo yaliyowatatiza makocha waliotoka vyuoni.

Kwotabeki wake ndiye aliyeufanya mji huo ujulikane: Kurt Warner. Hapa kuna hadithi inayosimuliwa vibaya kila mwaka, hata kwa Kiswahili, kwamba kijana alikuwa akipanga makopo supamaketi, siku moja akaitwa NFL na kuwa bingwa wa dunia. Makopo ni kweli. Baada ya kuachwa na timu ya NFL ya Green Bay Packers mwaka 1994 alifanya kazi ya usiku kupanga bidhaa katika duka la Hy-Vee mjini Cedar Falls, kwa dola 5.50 kwa saa. Kinachorukwa ni miaka mitano iliyofuata. Kati ya rafu za duka na NFL kuna misimu mitatu Iowa na mmoja Amsterdam, na hiyo ndiyo iliyomtengeneza.

Msimu wa kwanza, 1995, timu ilishinda mechi 7 na kupoteza 5. Warner alirusha tachidauni 43. Ukumbi ulimfundisha haraka, kwa njia pekee ambayo ukumbi hufundisha. Nje, kwotabeki anaweza kurudi nyuma hatua tano au saba, akatazama, akasubiri mtu afunguke. Ndani, walinzi wako mita chache, mbele yake watu wake wa kumkinga ni wachache, na anayemrushia anakuja kwa kasi na kuupita upana wote wa uwanja kwa sekunde mbili hivi. Mpira lazima utoke mkononi kabla mpokeaji hajageuka, kuelekea mahali atakapokuwa baada ya kitambo. Ukichelewa kidogo tu, mlinzi ameudaka au wewe uko juu ya ukuta. Aliyezoea kasi hiyo akitolewa nje anaona kila kitu kimepungua mwendo, kama mtu aliyezoea kuendesha Kariakoo akipewa barabara ya Dodoma.

Namba zake zilipanda kila mwaka. Mwaka 1996 tachidauni 61, timu ikashinda 12 na kupoteza 2. Mwaka 1997 tachidauni 79 kwa mechi 14, yaani zaidi ya tano na nusu kila mechi, timu ikimaliza 11 kwa 3. Jumla ya misimu mitatu ni 183. Usizilinganishe na namba za NFL, uwanja ni nusu. Zilinganishe na zake mwenyewe za mwaka uliotangulia, na utaona mtu anajifunza.

Lakini ubingwa haukuja. Fainali ya 1996 ilichezwa Des Moines, Ghala limejaa, na Tampa Bay Storm wakaondoka na kombe kwa 42 kwa 38. Hao Tampa Bay walikuwa ndio wale Pittsburgh Gladiators wa mechi ya kwanza kabisa ya ligi, waliohamia Florida mwaka 1991. Fainali ya 1997 ilikuwa Phoenix, na Arizona Rattlers walishinda 55 kwa 33. Warner akaondoka. Mwaka 1998 alicheza Amsterdam katika ligi ya NFL ya Ulaya, akarudi Marekani kuwa akiba wa St. Louis Rams. Agosti 1999 kwotabeki wa kwanza, Trent Green, aliumia goti kabla msimu haujaanza, na kocha Dick Vermeil akampa Warner usukani. Msimu huo alirusha tachidauni 41, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi, na tarehe 30 Januari 2000 Rams wakaifunga Tennessee Titans 23 kwa 16 katika Super Bowl, fainali ya NFL, yeye akirusha yadi 414.

Mtu angetegemea timu iliyomzaa ineemeke kwa hilo. Msimu wa 2000 ndio uliokuwa wake wa mwisho Des Moines kwa wakati ule.

Kuelewa sababu, hesabu siku za mapato. Msimu wa mechi 12 una mechi 6 za nyumbani, wa mechi 14 una 7. Viti 11,000 mara 7 ni tiketi 77,000 kwa mwaka mzima, hata ukijaza kila mara. Uwanja mmoja wa NFL unaweza kupokea watu wengi kama hao kwa mechi moja tu. Kutoka kwenye tiketi hizo utoe pango la ukumbi, kapeti na watu wa kulitandaza na kulikunja, mishahara, ndege za ugenini, na bima ya watu ambao kazi yao ni kugongana. Ligi ilikuwa inakua na kutafuta miji mikubwa na mkataba wa televisheni, na thamani ya nafasi kwenye ligi ilipanda juu ya uwezo wa mji wa ukubwa wa Des Moines. Watu husema timu za namna hii hufa kwa kukosa mashabiki. Iowa ilikuwa nao. Ilichokosa ni wingi wa viti na wingi wa siku.

Mwaka 2001 ikahamia New York na kubadilishwa jina kuwa Dragons. Ukumbi wake mpya ulikuwa Nassau Coliseum, uleule ambao soka ya ndani ya MISL ilizinduliwa mwaka 1978, mchezo uliompa Foster wazo la bahasha. Dragons walicheza hapo hadi 2008. AFL ikafuta msimu wa 2009 na kufilisika.

Jina Barnstormers halikufa. Lilirudi Des Moines mwaka huohuo wa 2001 katika ligi ndogo ya AFL, likapotea, likarudi tena 2008 kwenye ukumbi mkubwa zaidi uliofunguliwa 2005 jirani kabisa na lile Ghala, na 2010 likaingia AFL iliyofufuliwa. Kisha kwa msimu wa 2015 timu ikahamia Indoor Football League. Ligi hiyo haina nyavu. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akiwapeleka watoto wake kuiangalia Barnstormers 2014 na kuwarudisha 2015 aliona jina lilelile na ukumbi uleule, lakini teke lililopita pembeni mwa goli halikuwa na kitu cha kulirudisha, liliishia jukwaani. Ubingwa ambao Warner aliukosa mara mbili ulipatikana katika mchezo huo usio na nyavu, mwaka 2018.